Madaftari Sita ya Usita wa Mui

Alhamisi, Malindi

Ami, ndugu wa baba, mwenye duka Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, alipiga simu saa tatu usiku, saa ambayo kwa kawaida huwa ameshalala zamani. Hakusalimia kwa urefu. "Mwanangu, duka nalifunga. Ndoo unihesabie zitu." Kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, ndoo ni njoo. Kisha akakata. Ami hajawahi kuiamini simu ya mkononi. Huizungumzia upesi upesi kama ile ya kibandani, ya kutumbukiza sarafu.

Kuhesabu vitu ndiyo kazi yangu. Niko ofisi ya nyuma ya supamaketi moja hapa Malindi, na kila mwisho wa mwezi tunakesha tukilinganisha kilichoko rafuni na kilichoko kwenye kompyuta. Basi nisije nikajitia hapa kuyalilia maduka madogo kama mwenye matanga. Mshahara wangu unatoka kwa aliyeua.

Nimeomba ruhusa ya siku nne. Jioni nimeshuka mji wa zamani kununua maembe boribo ya kumpelekea. Nilipita pale baba aliponinunulia viatu vyangu vya kwanza vya shule. Mwenye duka alikuwa akikupima mguu kwa kipande cha kamba yenye mafundo, na akikwambia mtoto huyu mguu wake utakua mwaka huu, chukua namba ya juu. Sasa wanauza makava ya simu. Makava yananing'inia hadi mlangoni kama samaki waliotundikwa kukaushwa. Nimenunua moja, shilingi mia mbili.

Ijumaa, njiani

Basi limenichukua saa moja kasoro robo. Daraja la Sabaki, maji rangi ya chai ya maziwa. Mambrui. Halafu Gongoni na Marereni, mashamba ya chumvi meupe hadi macho yanauma.

Nilijipa kazi moja njiani, kuangalia maduka, na nimegundua kitu ambacho nimekipita mara nyingi bila kukiona: karibu hakuna duka lenye jina la mtu. Kuta zimepakwa rangi za kampuni, kijani ya simu, nyekundu ya soda, buluu ya sabuni, na jina la mwenyewe, kama lipo, limebanwa pembeni kwa herufi ndogo. Zamani alikuja mchora mabango na brashi zake, akachora taa ya chemni, mche wa sabuni, na mkono wenye kidole kikielekeza mlangoni, eti usije ukapotea. Kampuni hupaka rangi bure, ndiyo maana. Mwenye duka anapata ukuta mpya, nayo kampuni inapata mtaa mzima.

Minjila, pale barabara ya Lamu inapochepuka, tumeshushwa wote, vitambulisho mkononi, mifuko ikafunguliwa. Tangu mashambulizi ya 2014 ukaguzi umekuwa sehemu ya njia hii. Kuna watoto wanaodhani ndivyo safari zote zilivyo. Askari kijana aliuliza maembe ni bei gani. Nikampa moja.

Kisha Witu, Hindi, Mokowe, lami moja kwa moja. Utotoni njia hii ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, gari zikilala porini na abiria ndani. Ami ana maneno yake kuhusu lami hii. Nitayafikia.

Boti kutoka Mokowe ilifika Amu, yaani mji wenyewe wa Lamu, kama saa sita na nusu. Nikapanda kutoka gatini hadi Usita wa Mui na begi langu, na kila mlango niliopita umefungwa. Duka la dawa limefungwa, la vitambaa limefungwa, la vyombo limefungwa. Punda wawili wamesimama kivulini peke yao. Nilishikwa na woga wa kweli, nikasema moyoni, kumbe si Ami peke yake! Nilipokaribia Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome, nikasikia khatibu kwenye kipaza sauti, nikajicheka. Ijumaa. Malindi inanisahaulisha hata hilo, maana kwetu kazini hatufungi saa sita.

Jumamosi, ndani ya duka

Duka liko upande wa Langoni, chini ya nyumba ya ghorofa yenye kuta za mawe ya matumbawe, unene wa dhiraa. Babu alilifungua kabla ya uhuru. Mlango una daka lake mbele, viti viwili vya mawe huku na huku, na ukikaa pale unaona kila anayepita, naye hawezi kupita bila kukuamkia. Biashara nyingi ilianzia pale kwenye salamu. Mtu anauliza hali, anakaa, anakumbuka kwamba kwake hakuna majani ya chai.

Nilianza kazi baada ya alfajiri, kwa kompyuta yangu ya mapajani. Ami alikaa kwenye kigoda akiniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto akipika mchanga.

"Utambi wa taa, dazeni ngapi?" namuuliza.

"Kumi na moya, na nusu. Ile nusu ina alama ya meno ya panya."

Nikahesabu. Kumi na moja na nusu, na meno ya panya.

Ikawa hivyo asubuhi nzima. Mimi nahesabu kwa dakika kumi, yeye ananiambia kabla sijaanza. Vioo vya chemni, saba. Ndoano za namba tofauti kwenye mikebe ya maziwa ya watoto. Uzi wa kushonea tanga, pamba ya kalafati ya kuzibia mianya ya vyombo, misumari ya mashua, chupa za sifa, yale mafuta ya papa, zilizofungwa kwa vitambaa na bado zikanuka chumba kizima. Buluu ya kufulia nguo nyeupe. Ubani, udi wa kupimia kwa wakia. Waya mwembamba wa kukatia sabuni ya mche, wenye vijiti viwili vya kushikia, ambao nilipokuwa mdogo niliruhusiwa kuuvuta siku ya Iddi tu. Kibaba cha bati, na pishi yake inayomeza vibaba vinne. Na mizani ya shaba yenye mawe yake, yaliyong'aa kwa kushikwa.

Mchele ulikuwa umebaki nusu gunia, sukari robo. Vinavyoliwa vimekwisha, vilivyobaki ni vya kazi ambazo zenyewe zinakwisha. Nani anatia utambi taani siku hizi ila umeme ukipotea, na hapo watu huwasha simu.

Nimemuuliza kilichomfunga. Nilitegemea aseme supamaketi, na nilikuwa nimeshajiandaa kuona haya. Akasema, "Lami."

Alinieleza akifunga tambi kwa karatasi ya gazeti, mkunjo mmoja, wa pili, ncha ndani. Zamani bidhaa zilikuja na majahazi kutoka Mombasa. Majahazi yalishuka na boriti za mikoko, yakapanda na unga, mchele, sukari, mabati. Kusi likivuma, bahari ikachafuka, chombo kikachelewa, mji ulikula kilichokuwa stoo za wenye maduka. Kwa hiyo mtaji wa mwenye duka ulikuwa mambo mawili: kujuana na nahodha, na kujua kuweka. Kujua kuweka ni elimu. Mchele usiingiwe na wadudu, chumvi isinywe maji, sukari isigande, na wewe usishikwe na tamaa ukauza yote mwezi wa kwanza. Sasa lori linashusha Mokowe siku yoyote, na kijana mwenye elfu ishirini anaagiza kwa simu leo, kesho ana duka. "Mimi nilikuwa ghala ya mji," akasema. "Mji hauna haja ya ghala tena."

Hata haikunipita kwamba alisema hivyo bila uchungu. Wenye uchungu ni sisi tulioondoka. Alichokifurahia hasa ni ile Agosti 2017, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki. Wenzake vijana walihangaika wiki nzima hawajui kufunga sukari kwa karatasi isimwagike, wakaja mmoja mmoja kujifunza kwake. Amenihadithia mara mbili leo.

Baada ya adhuhuri akavuta mtoto wa meza, akatoa madaftari. Sita. Akasema, "Hizi ndizo zitu zenyewe. Hayo mengine ulikuwa ukijichezea."

La kwanza ni la Babu, Kiswahili kilichoandikwa kwa khati za Kiarabu, shilingi na sumuni. Ninaisoma polepole, kwa fimbo za mwalimu wa chuoni. Matano ni ya Ami. Hakuna jina la mtu ndani yake hata moja. Babu alimfundisha kwamba daftari likianguka mikononi mwa mtu, deni la mtu lisijulikane, kwa hiyo kila mdaiwa ana lakabu ya dukani ambayo mara nyingi mwenyewe haijui. Mama Pacha. Mlango wa Kijani. Jino Moja. Kohozi. Nahodha Mdogo, ambaye Ami anasema ni mrefu kuliko wote Amu. Miaka ya nyuma kuna mmoja anaitwa Ngomeni, na hao ni askari jela kadhaa kwa pamoja, sigara na majani ya chai. Ngome ilikuwa jela mpaka 1984, na jela ilipoondoka likabaki deni la sigara ambalo hakuna wa kuulizwa.

Nimekaa nayo mpaka magharibi. Kwa kazi yangu ninajua kusoma vitabu vya hesabu, lakini sikuwahi kusoma vinavyopumua. Kila mwaka kurasa zinajaa kuanzia Aprili, kusi linapoanza, wavuvi hawatoki, unga na mafuta vinaandikwa mstari kwa mstari. Kuanzia Novemba, kaskazi, mistari inakatwa, safi, kwa rula. Mfungo wa Ramadhani unaonekana kwa tende na sukari, na Maulidi kwa mchele mwingi na ubani.

Halafu kuna miaka iliyokataa kufuata upepo. Mwishoni mwa 2011, baada ya wageni kutekwa Kiwayu na Manda, watalii walikimbia, na kaskazi hiyo mistari haikukatwa: mabaharia wa mashua za wageni, wapishi wa mahoteli. Katikati ya 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, ikaja kafyu ya usiku, na mvuvi wa usiku hana kazi ya mchana. Mwandiko wa Ami mwaka huo ni mdogo mdogo, karatasi isiishe. Mapema 2018 serikali ikasimamisha ukataji miti nchi nzima, mikoko nayo ikaingia, na wakata boriti walikaa bure hadi mwaka uliofuata Lamu ilipofunguliwa. Ukurasa mmoja wa mkata boriti una unga, unga, unga, mafuta, unga, kipande cha sabuni, unga. Na 2020, korona, ambayo haina haja ya maelezo.

Kitu kimoja hakina msiba wowote nyuma yake. Kuanzia 2019 lakabu zinapungua kimya kimya. Januari ya mwaka huo ilianza Fuliza, mtu anakopa kwenye simu akiwa amelala kitandani, hana haja ya kukaa dakani kwanza na kuulizwa hali ya mama. Nilimwonyesha Ami tarehe. "Simu haitangazi," akasema. "Hiyo ndiyo raha yake." Kisha akaongeza, baada ya muda, "Lakini riba yake haisubiri kaskazi."

Usiku nikaelezwa kazi yangu halisi. Ami anakusudia kwenda Makka, mwanawe aliyeko Qatar amemwekea pesa. Anataka madeni yote yafutwe kabla. Nikamwambia mwenye kudai hana mzigo, wenye mzigo ni wanaodaiwa. "Ndiyo maana," akasema. "Nikifa, wao watabaki nalo shingoni na hawana wa kumlipa. Nenda uwaambie nimewasamehe. Mimi nikienda wataona haya, na wewe utaingia hadi ndani kwa wanawake."

Waliobaki hai na wanaojulikana walipo ni kumi na tisa.

Jumapili, nyumba kwa nyumba

Nilidhani ni kazi tamu. Nani asiyependa kusamehewa deni?

Mama Pacha ndiye pekee aliyefanya kama nilivyotegemea. Anapika bajia mlangoni kwake, akasema alhamdulillahi, akamwombea Ami hija yenye kukubaliwa, akanitilia bajia saba kwenye karatasi. Mkunjo ule ule wa Ami, nikautambua.

Wa pili, mkata boriti wa ule ukurasa wa unga. Alikuwa uani akinoa shoka. Nikatoa salamu, nikatoa ujumbe, akanyamaza. Akaingia ndani, akakaa sana hata nikadhani nimesahauliwa. Alirudi na shilingi elfu moja na mia mbili, noti za hamsini hamsini, akaniwekea mkononi. "Kamwambie zilizobaki zaja mwezi ujao. Mimi si yatima." Deni lake lote ni elfu nne na kitu. Nilijaribu kurudisha, akashika shoka lake akaendelea kunoa, na mimi nikaona ni vizuri niende.

Wa tatu alicheka, akasema hilo deni alishalipa zamani, Ami alisahau kukata mstari. Wa nne akasema hivyo hivyo. Sijui. Nimekata mistari yote miwili.

Mlango wa Kijani anakaa Mkomani, kichochoro chembamba ambacho punda mwenye shehena akija unarudi nyuma. Mlango si wa kijani. Hauna rangi kabisa, mti mtupu, mweupe kwa chumvi. Mwenyewe ni mwanamke mkubwa kuliko Ami, macho hayaoni vizuri, anashona kofia za vito, zile za matundu madogo madogo, kwa kupapasa matundu. Deni lake ni shilingi hamsini. Sukari na kiberiti, Julai 2016.

"Mwana wa nani wewe?" Nikamwambia. "A! Mjukuu wa mwenye duka. Keti." Nikaketi. Nikapewa kahawa. Nikasema nilichotumwa.

Akaweka kofia chini. "Hamsini yangu iwate."

"Khalati, ameshasamehe."

"Nimesikia. Mimi sikukopa hamsini kwa kukosa hamsini. Nimeiwata pale makusudi. Kila nikituma mtoto dukani, ami yako humwambia, mkumbushe bibi yako hamsini yangu. Mtoto huniletea salamu hiyo. Nami humrudisha, mwambie naye nipe pesa za kofia yangu. Miaka yote hiyo. Ukiifuta, ataniulizia kwa lipi?"

Nikauliza kofia gani. Ikawa hadithi nyingine. Ami alishonewa kofia ya vito kwa ajili ya Iddi moja, akalipa nusu, nusu akasema zije kidogo kidogo. Kofia nzuri huchukua miezi ya kushona, na bei yake si ya mzaha. Nikajikuta natoa kalamu, nafungua ukurasa mpya wa daftari la sita, naandika kwa mara ya kwanza upande ule mwingine: duka linadaiwa.

Yule bibi akanisikia nikiandika. "Andika vizuri," akasema. "Ami yako mwandiko wake ni wa kuku."

Kumi na tisa wamekuwa kumi na sita kwa jioni moja, watatu wamesafiri. Waliokubali msamaha bila neno ni saba. Wengine wamelipa chochote, wamebisha, wamenikalisha. Mmoja amenipa kuku, hai, nikatembea naye Usita wa Mui kwapani na mkoba wa kompyuta begani.

Lazima niandike na ya upande wa pili, maana daftari halikumwandika kila mtu. Jirani ya Ami amempangisha chumba cha juu muuguzi kutoka Bara, yuko hapa mwaka wa sita. Nilimkuta ngazini, nikamwambia kwa majonzi yangu yote kwamba duka linafungwa. Akasema pole, kisha akanyamaza namna ya mtu mwenye neno. Nikamtaka aseme.

"Mwaka wangu wa kwanza hapa," akasema, "niliuliza bei ya sukari pale, nikaambiwa bei moja. Mtoto wa hapa akaja nyuma yangu, akaambiwa nyingine. Kukopa ndio hata sikuthubutu. Duka kubwa bei imebandikwa. Haiulizi mimi ni mtoto wa nani."

Nilimfikishia Ami wakati wa chakula. Nilitaka akane. Alitafuna, akameza, akasema, "Kweli. Tulikuwa tukifanya." Kisha akaniambia nimpelekee yule muuguzi maembe mawili. Ameyakubali, lakini ameniuliza ni ya nini.

Jumatatu, ufunguo

Mpangaji mpya amekuja saa nne. Kijana mstaarabu, wa hapa hapa, anafungua mahali pa kahawa na maji ya matunda, wageni na wenyeji. Hana kosa lolote. Alitembea ndani akagusa kuta, akasifu boriti za dari, akasema hatobadilisha kitu. Akaomba rafu zibaki. Akaomba mikebe ya ndoano ibaki, bila ndoano. Alipofika kwenye mizani akasimama. "Na hii, Ami, iwate kama pambo."

Ami akauliza, "Itapima nini?"

"Haitapima. Watu wataipiga picha."

Nimeipenda Amu tangu nizaliwe na bado kuna jambo linanichoma. Mji wa kale uliingizwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2001, na kweli kuta zimelindwa: huvunji, hujengi utakavyo. Milango ile ile, madaka yale yale. Lakini hakuna kanuni inayolinda kilichokuwa kikiuzwa nyuma ya mlango, wala sioni ingeandikwaje. Hatua chache kutoka hapa kuna nyumba iliyokuwa posta ya Wajerumani. Waliifungua Novemba 1888, wakaifunga 1891, haikufika miaka mitatu, na leo ni makumbusho. Babu na Ami wameuza chumvi zaidi ya miaka sitini.

Nilimwambia Ami maneno hayo, akasema Babu asingependa kuwa makumbusho, angetaka kodi ya mlangoni.

Vitu tumevigawa. Nyuzi, pamba ya kalafati na sifa vimepelekwa Matondoni kwa mafundi wa vyombo, kwa bei ya kutupa. Kibaba na pishi nimechukua mimi. Waya wa kukatia sabuni umepotea. Ulikuwepo Jumamosi, nimeuandika kwenye kompyuta, "waya 1," na leo haupo. Ninamshuku Ami.

Mizani ameiacha. Mawe yake ameyatia kwenye mfuko wa kanvasi, akafunga, akasema anayapeleka nyumbani. Yule kijana akasema, Ami, mizani bila mawe? Ami akamjibu kwamba pambo halina haja ya mawe.

Tukiwa bado tumesimama mlangoni akaja mtoto wa kike, miaka sita saba, mtandio umemwangukia shingoni, sarafu ya kumi kiganjani. "Nipe sukari ya kumi." Alisema akimtazama Ami, hakututazama sisi. Hakuna sukari, robo gunia ilikwenda msikitini jana. Ami akamwangalia yule kijana, kijana akaniangalia mimi. Nikavuka njia hadi duka la tatu, nikanunua pakiti ndogo kabisa waliyokuwa nayo, robo kilo. Mtoto aliigeuza geuza. Akasema hii si ya kumi, mama atagomba. Ikabidi tuipasue, Ami akate kipande cha gazeti, apime kwa mkono, afunge. Mkunjo mmoja, wa pili, ncha ndani. Akamtilia na kidogo juu, ya kulamba njiani.

Ndipo akatoa ufunguo.

Usiku nimemsomea hesabu. Waliosamehewa wakakubali, jumla yao. Waliolipa, jumla yao. Pesa hizo amesema zinunuliwe tende za msikiti. Mkata boriti, amebakisha. Mlango wa Kijani, hamsini, amekataa. Na duka linadaiwa nusu ya kofia.

Alinyamaza kwenye hiyo ya kofia. "Ameikumbuka," akasema. Akainuka, akafungua kabati, akaitoa. Imefifia, lakini vito vyake bado vimekaa, tundu kwa tundu. Akaivaa kwenda kuswali isha. Pesa hakunipa.

Jumanne, njiani

Boti ya saa kumi na mbili u nusu, basi Mokowe. Kuku nimemwachia muuguzi. Madaftari sita yako kwenye mkoba wangu, ndani ya leso. Ami amenipa asubuhi gatini, akasema nyumbani kwake yataliwa na mchwa, na mwenye kazi ya vitabu ni mimi. Sikuuliza nifanye nayo nini.

Kesho saa mbili niko kazini. Wamenitumia ujumbe tayari, kuna rafu ya mafuta ya kupikia hailingani na kompyuta, chupa kumi na nne.

Minjila tumeshushwa. Askari ni yule yule wa Ijumaa, akanikumbuka kwa maembe. Akafungua mkoba, akafungua leso, akatoa la kwanza, akaona khati za Babu, uso wake ukabadilika kidogo.

"Hii ni nini?"

"Madaftari ya duka."

"Duka liko wapi?"

"Amu. Lilikuwa Amu. Limefungwa jana."

Akalirudisha lile, akachukua la sita. Akasoma amesimama pale juani, abiria wote wameshapanda, dereva anapiga honi. Akageuza kurasa, akarudi nyuma, akageuza tena. Nikamwona anaanza kutabasamu.

"Huyu Kohozi," akasema, "alilipa?"